Jibu: Mary Ann Cotton aliua wangapi?

Habari mkuu. Umekwama kwenye idadi: kwenye makala yako uandike Mary Ann Cotton, yule mwanamke Mwingereza aliyeshtakiwa kuua kwa sumu, aliua mtu mmoja au 21? Anza na hukumu. Mahakama ya Durham, Uingereza, Machi 1873, ilimtia hatiani kwa kifo kimoja tu, cha mtoto wake wa kambo Charles Edward, aliyelishwa sumu ya aseniki. Hao wengine andika "anashukiwa". Mimi niliwahi kujumlisha makaburi yote ya familia yake, nikaumbuka. Enzi zile watoto wengi walikufa kwa maradhi ya tumbo, na ndivyo vyeti vya vifo vilivyosema. Utetezi wake usiuruke: eti sumu ilitoka kwenye rangi ya kijani ya karatasi za ukutani! Na hilo "mama shetani" kwenye kichwa cha makala yako, ningelifuta.