Pedi na diski za breki za pikapu ya kubebea karafuu

Ndugu yangu, umeuliza iwapo ununue diski zenye matundu na pedi za seramiki kwa pikapu yako inayobeba karafuu kutoka Wete hadi Mkoani, hapa Pemba, kwa sababu usukani hutetemeka unapokanyaga breki mteremkoni. Diski za matundu ningeziacha: zinapendeza macho, sikatai, lakini zikipata moto chini ya mzigo mzito huweza kupasuka kuanzia kwenye matundu yenyewe. Chukua diski zisizotobolewa, zenye nafasi ya hewa katikati, pamoja na pedi zilizochanganywa chuma, ambazo kwa kawaida hustahimili moto kuliko za seramiki, ingawa hupiga kelele kidogo na humaliza diski haraka zaidi. Kabla ya kuzifunga, fundi asugue kutu yote kwenye uso wa habu, yaani kitovu cha gurudumu ambapo diski hukaa, maana hewa ya chumvi ya huku kwetu hula chuma, na chembe ikibaki nyuma ya diski mpya, mtetemo utarudi. Kisha zizoeshe: punguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa, mara kama kumi, bila kusimama kabisa. Mafuta ya breki nayo yabadilishe, kwani yakishanyonya unyevu huchemka upesi, na pedeli huzama hata kama pedi ni mpya.