Kwa unayeanza kazi kwenye miradi ya wafadhili

Wiki ya kwanza kazini utakabidhiwa andiko la mradi, bangokitita (jedwali la malengo, shughuli na vipimo vya mradi) na ratiba ya ripoti za robo mwaka. Visome vizuri, maana bosi wako atakupima kwa hivyo. Ila kama mradi ni wa maji vijijini, ambako ndiko nimefanya kazi muda mrefu zaidi, nenda mapema ukaonane na fundi wa pampu. Muulize vipuri anavinunua wapi, kwa fedha za nani, na malipo yake ya mwisho aliyapata lini. Majibu ya fundi huyo yatakueleza vizuri zaidi hali ya kisima miaka mitano baada ya wewe kuondoka, kuliko warsha yoyote utakayoitwa.

Mwaka 1971 Tanzania ilijiwekea lengo la kufikisha maji safi kwa wananchi wote wa vijijini ndani ya miaka 20. Wahisani wakajigawia mikoa: Wafini walikuwa Mtwara na Lindi, Waswidi Kanda ya Ziwa, Wadenmark Iringa, Mbeya na Ruvuma. Visima vilichimbwa kweli, na wako akina mama walioacha kuamka alfajiri kufuata maji mbali. Lakini 1991 ilifika lengo halijatimia, na mitambo mingi ilikuwa imesimama. Dizeli ilikuwa ghali, vipuri vilitoka nje wakati nchi haina fedha za kigeni, na maji yalitolewa bure kwa matumaini kwamba serikali itabeba kila kitu. Waswidi walijaribu kurekebisha hilo kupitia HESAWA, programu ya afya, usafi na maji iliyoendeshwa Kagera, Mara na Mwanza kuanzia 1985 hadi 2002, kwa kuwapa wanakijiji nafasi kubwa zaidi ya kuamua na kuchangia. Sera ya Maji ya 2002 ikafuata mwelekeo huohuo, na sheria ya 2019 ikaunda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii.

Kwa hiyo, mdogo wangu, unapofika kijijini leo humkuti mtu anayesubiri umuanzishie maisha. Kuna serikali ya kijiji, kuna mkutano mkuu ambao kisheria unakaa kila baada ya miezi mitatu, kuna chombo cha maji chenye akaunti yake. Ukifika ukaunda kamati mpya kwa sababu tu andiko lako limetaja kamati, utawachosha watu walewale sita ambao tayari wamo kwenye kamati ya lishe, ya mazingira na ya shule. Mradi ukifungwa, kamati inakufa. Chombo cha maji ulichokiruka kinaachiwa bomba ambalo hakikushirikishwa kulipanga.

Kalenda nayo ijue. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na mipango ya vijiji huanza kukusanywa miezi mingi kabla ya hapo. Mfadhili wako huenda anahesabu kuanzia Januari. Kama kazi yako haikuingia kwenye bajeti ya halmashauri au ya RUWASA kwa wakati, hakuna atakayemwekea mafuta mhandisi wa wilaya aende kukagua tanki. Jua pia msimu. Kusini, Oktoba hadi Desemba watu wako kwenye korosho. Ukiitisha mafunzo wakati huo utawapata wasio na mashamba, kisha utaandika kwamba mwitikio wa jamii ni mdogo.

Kwenye takwimu nakuomba usikubali njia rahisi. Mwongozo wa nchi unasema kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani. Ofisi nyingi huchukua idadi ya vituo, zikazidisha mara 250, zikaandika wanufaika. Nenda ukasimame pale kituoni asubuhi. Hesabu ndoo, uliza bei ya ndoo, uliza ni nyumba gani zimeacha kuja na kwa nini. Bei ikiwa juu, mama mwenye watoto wengi na asiye na kipato anarudi kisima cha wazi, na katika jedwali lako bado anahesabiwa kuwa amenufaika. Huyo ndiye tuliyeajiriwa kwa ajili yake.

Posho: fuata viwango vya serikali na usimdharau anayeiuliza. Siku anayokaa kwenye semina yako ni siku ya palizi.

Kuhusu ajira yako mwenyewe, nikuambie wazi. Januari 20, 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ikaacha rasmi kuendesha misaada hiyo. Wenzetu wengi walipoteza kazi ndani ya wiki chache, wakiwa na mikopo ya benki na ada za watoto. Weka akiba tangu mshahara wa kwanza, na uwe na ujuzi unaouzika nje ya miradi: uhasibu, uhandisi, uuguzi, uchambuzi wa takwimu. Kilichoniuma zaidi ni kliniki. Pale mhudumu alipokuwa mwajiriwa wa halmashauri, mgonjwa aliendelea kumkuta mtu dirishani. Pale alipolipwa na mradi, meza ilibaki tupu, na mgonjwa hakuwa na wa kumuuliza dawa zake za mwezi ujao.

Kwa hiyo makabidhiano yaanze mapema, usisubiri mwezi wa mwisho. Kina cha kisima, kiasi cha maji kinachotoa kwa saa, aina ya pampu, jina la duka la vipuri na michoro ya bomba vyote viandikwe kwa Kiswahili. Nakala moja ikae RUWASA wilayani, nyingine kwa mtendaji wa kijiji, na ya tatu mpe fundi.