Vipindi vya kupika kazini: vinasaidia, ila kila mtu ashike kisu

Mkuu, umeuliza kama kupika pamoja kazini kunaweza kubadili ulaji wa wafanyakazi au ni burudani ya siku moja tu. Nimeratibu vipindi hivi ofisini kwetu kwa muda mrefu, na nimeona vikibadili watu, mradi kila mmoja akate, akoroge na aonje. Akiletwa mpishi apike wengine wakitazama, watamsifu, watakula, na kesho yake wataendelea na vyakula vyao vya kukaanga.

Somo lililowaingia zaidi ni la chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, ambazo hazijai hata kijiko kimoja cha chai. Tulizipima tukaziweka kwenye kisahani, kisha tukasoma lebo za supu za pakiti na vitafunwa ambavyo watu huweka kwenye droo za meza zao. Baada ya hapo makundi mawili yakapika mboga ileile: moja kwa chumvi ya mazoea, jingine kwa nusu yake pamoja na limau, kitunguu saumu na pilipili manga. Waonjeshe bila kuwaambia ipi ni ipi. Ubishi wote huishia hapo. Nyumbani wapunguze taratibu, maana ulimi huchukua wiki kadhaa kuzoea.

Pigania kipindi kiwe ndani ya saa za kazi. Ukikiweka jioni, wenye watoto wadogo hawatakuja, na mara nyingi ndio wanaopikia familia nzima. Kukosa jiko si kikwazo. Jiko dogo la umeme linatosha, na saladi ya maharage yaliyokwisha kuchemshwa haihitaji moto kabisa. Uliza mapema, kwa faragha, nani ana mzio wa karanga, maziwa, mayai au kingine chochote. Na chakula kilichopikwa kisikae nje ya friji zaidi ya saa 2.

Jambo moja nakusihi: usiruhusu mizani wala mashindano ya kupunguza uzito kwenye vipindi hivi. Uongozi utapenda kwa sababu unapata namba za kuweka kwenye ripoti. Lakini mtu anayehisi mwili wake unajadiliwa mbele ya bosi wake harudi tena, na huenda ndiye aliyekihitaji kipindi hicho kuliko wengine wote.