Ukitaka kusomea ubongo, anza na protini moja

Wiki mbili zilizopita binti mmoja wa mwaka wa tatu alinisimamisha kituoni hapa chuoni, daladala ya kushuka mjini ikiwa imeshawasha injini. "Shikamoo mwalimu. Eti ni kweli mtu hawezi kufanya utafiti wa ubongo akiwa Dodoma?" Nikamjibu harakaharaka kwamba inawezekana, nikapanda. Njia nzima hadi Sabasaba nilikuwa najilaumu, maana swali hilo niliwahi kuliuliza mwenyewe nikiwa na umri wake, na aliyenijibu naye alikuwa na haraka. Naomba nimjibu vizuri hapa, yeye na wengine wanaoniandikia kuhusu jambo hilohilo.

Mdogo wangu, kwanza acha kusema unataka kusomea ubongo. Ubongo wa binadamu una seli za neva zipatazo bilioni 86, na ndani ya kila seli kuna maelfu ya aina za protini zinazojengwa, zinazovunjwa na kuhamishwa usiku na mchana. Hakuna mtu anayeumaliza. Watu ninaowaheshimu katika fani hii, ukiwauliza wanashughulika na nini, watakutajia protini moja, pengine kipande tu cha protini hiyo. Stanley Prusiner alilitunga jina la prioni mwaka 1982, akidai kwamba protini peke yake, bila kirusi wala bakteria, inaweza kuambukiza ugonjwa wa ubongo. Wanasayansi wengi walimkatalia. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1997, na miaka yote hiyo kumi na mitano alikuwa bado na protini ileile.

Mjomba wangu kule Chamwino alikuwa na ng'ombe wengi na sikuwahi kumwona akiwahesabu. Jioni alisimama mlangoni mwa zizi akiwatazama wanavyoingia, halafu akasema, "Yule mwenye baka jeupe shingoni hayupo." Hivyo ndivyo unavyotakiwa kuijua protini yako. Ujue uzito wake, inapokaa, inashikana na nani, inabadilikaje ikipata joto au baridi, na ikikosekana uone mara moja kwamba haipo. Ukiijua hivyo, ubongo wenyewe utaanza kukufungukia kupitia mlango huo mdogo.

Yangu mimi ni tau. Ilitambuliwa mwaka 1975. Ndani ya mkia mrefu wa seli ya neva kuna vijibomba vyembamba ambavyo mizigo ya seli husafirishwa juu yake, na tau huvishika visitawanyike. Aliyelelewa kwenye tembe la Kigogo atanielewa upesi: vijibomba ni fito za paa, tau ni kamba za magome zinazozifunga. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ule unaowapotezea wazee kumbukumbu, tau hubebeshwa fosfeti, yaani vijikundi vya kemikali vinavyobandikwa kwenye protini, nyingi kupita kiasi, ikaachia fito, kisha kamba zenyewe zikaanza kusokotana. Alois Alzheimer aliyaona masokotano hayo kwa hadubini na kuyaeleza mwaka 1906. Ilichukua karibu miaka themanini kujua kwamba yamefanyizwa kwa tau.

Sasa nikueleze kosa lililonifundisha kazi hii kuliko darasa lolote.

Nilikuwa ng'ambo nasomea shahada ya uzamivu, napima tau katika ubongo wa panya wa maabara kwa njia inayoitwa westani bloti. Unasaga kipande cha ubongo, unakichemsha kwa nyuzi 95 kwa dakika tano, unakitia kwenye vishimo vya jeli, kisha umeme unazivuta protini kwenda chini, ndogo zikitangulia na kubwa zikichelewa. Halafu unazihamishia kwenye utando mweupe. Hapo pana kazi ya mikono ambayo hakuna kitabu kinachoieleza vya kutosha. Unalaza utando juu ya jeli, unaviringisha kijibomba cha kioo taratibu kutoa viputo vya hewa, kama mtu anayesukuma chapati bila kutaka kuichana. Kiputo kimoja kikibaki, protini hazipiti pale, na kesho yake utaona duara tupu na kudhani umegundua kitu. Ukishamaliza, unamwaga kingamwili, yaani protini ya kinga inayonasa kitu kimoja maalumu, hapa ile inayoitambua tau, halafu kingamwili ya pili inayoitambua ile ya kwanza na kung'aa.

Mstari wangu ulitokea vizuri ajabu, mweusi, kwenye kilodaltoni 50 (ndicho kipimo cha uzito wa protini), karibu kabisa na pale tau inapotarajiwa. Panya wagonjwa walikuwa na mstari mnene kuliko wazima. Kwa miezi kumi na moja nilikusanya picha hizo, nikaandika sura nzima ya tasnifu. Siku moja mama mmoja aliyekuwa fundi wa maabara, mtu asiye na shahada ya uzamivu lakini mwenye miaka mingi mezani pale, akatazama picha zangu akaniuliza kama nimewahi kumweka panya asiye na tau. Wapo panya wa namna hiyo, walioondolewa jeni yake. Sikuwahi. Nikaomba ubongo wa mmoja, nikapima. Mstari ukatokea palepale.

Nilikaa nikiutazama kwa muda mrefu. Panya asiye na tau alikuwa ananionyesha tau.

Sababu ni hii. Kingamwili yangu ya kwanza ilitengenezwa kutoka kwa panya, na sampuli yangu nayo ilikuwa ya panya. Ile ya pili, kazi yake ikiwa kushika kingamwili yoyote ya panya, ilizishika pia kingamwili za panya mwenyewe zilizomo kwenye damu iliyosalia ubongoni. Mnyororo mzito wa kingamwili hizo, yaani kile kipande chake kikubwa, una uzito wa kilodaltoni 50. Karibu mwaka mzima nilikuwa napima damu iliyobaki, siipimi tau.

Mwenzangu mmoja aliniambia ninyamaze, kwamba hakuna atakayeuliza. Ninamkumbuka kwa huzuni. Kesho yake asubuhi nilimweleza msimamizi wangu, sura ile tukaifuta, nikaanza upya. Kwa hiyo kabla hujapima sampuli yako ya kwanza, tafuta ile ambayo jibu lake linapaswa kuwa hapana. Ikikuambia ndiyo, simamisha kila kitu. Na usimdharau fundi wa maabara hata siku moja.

Tau ina hila nyingine pia. Panya akipewa dawa ya usingizi mwili wake hupoa, na mwili ukipoa, vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti hulegea na tau inajaa fosfeti, kama vile mnyama ni mgonjwa. Usipomlaza juu ya kitu chenye joto utapima baridi ukaiita ugonjwa. Mtu aliyekulia kwenye upepo wa Julai wa hapa kwetu angepaswa kuliwaza hilo mapema. Mimi nililisoma kwenye makala za wengine, na nashukuru waliandika.

Niliporudi nyumbani, adui akawa umeme. Protini ikiyeyuka na kugandishwa tena si ileile. Taasisi moja niliyofanyia kazi ilikuwa na friza ya nyuzi hasi 80, na usiku mmoja umeme ulikatika, jenereta halikuwaka, na hakukuwa na mtu aliyepewa jukumu la kuangalia. Tuliikuta asubuhi maji yakichuruzika mlangoni. Mle ndani kulikuwa na damu ya wazee waliotoka Bahi alfajiri, bila kunywa hata chai, kwa sababu tuliwaomba waje bila kula. Niliwafuata nyumbani kwao kuwaambia. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akakunja mkono wa shati akisema, "Basi chukua nyingine." Tangu hapo kila sampuli naigawa kwenye vijichupa vidogo vidogo, nusu friza moja, nusu nyingine jengo jingine, na namba ya simu ya mtu anayelala karibu imebandikwa mlangoni. Ukianza mradi, bajeti ya friza na kengele yake ije kabla ya bajeti ya mashine.

Je, unaweza kuanza ukiwa hapa, bila mashine ya mamilioni? Ndiyo, kwa kompyuta mpakato na bando. Hazina ya kimataifa ya maumbo ya protini ipo tangu mwaka 1971 na iko wazi kwa yeyote. Siku hizi kuna AlphaFold, programu iliyowapa Demis Hassabis na John Jumper sehemu ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024. Imekisia maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, nayo unayafungua bure. Lakini itafute tau humo uone. Sehemu kubwa programu yenyewe inakuambia haina uhakika, kwa sababu tau ikiwa huru haina umbo maalumu, inaelea kama uzi majini. Umbo lake la masokotano, lililotolewa kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer, lilichorwa kwa undani mwaka 2017 kwa hadubini ya elektroni yenye baridi kali, huko Cambridge. Fungua yote mawili, uyaweke kando kwa kando. Ukiweza kunieleza tofauti yake kwa Kiswahili, bila kujificha nyuma ya Kiingereza, umeshaanza.

Halafu kuna swali letu wenyewe, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Mahenge, mkoani Morogoro, kuna watoto wenye ugonjwa wa kusinzia kichwa, ambao kichwa cha mtoto huinamia mbele tena na tena kama anayesinzia. Daktari Louise Jilek-Aall aliwakuta huko miaka ya 1960 akawahudumia na kuandika habari zao. Ugonjwa huo upo pia Uganda na Sudan Kusini, na umehusishwa na minyoo ya usubi. Mwaka 2018 watafiti walitangaza kwamba bongo za watoto wa Uganda waliofariki kwa ugonjwa huo zilikuwa na tau iliyosokotana. Tau, ile tunayofundishwa kuwa ni habari ya wazee wa Ulaya, ndani ya ubongo wa mtoto wa Kiafrika. Kwa nini? Minyoo inaifikiaje tau, au ni degedege za mara kwa mara zinazoiharibu? Naamini aliyekulia umbali wa siku moja kwa basi kutoka Mahenge ana sababu ya kulishika swali hilo kwa nguvu kuliko mtu mwingine yeyote.

Kuhusu vibali sitasema mengi: kibali cha maadili kutoka NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kibali cha utafiti kutoka COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na mkataba wa kuhamisha sampuli kabla hata tone moja la damu halijavuka mpaka. Anza mapema, inachukua muda. Ufadhili nao upo. Fuatilia mafunzo mafupi ya IBRO, shirika la kimataifa la utafiti wa ubongo, na ya SONA, chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika kilichoanzishwa mwaka 1993, na ukimwandikia profesa wa nje, msomee makala zake mbili kwanza na umuulize swali moja la kweli lililotoka humo. Barua za "naomba nafasi yoyote" hazijibiwi.

Binti wa kituoni, sikuchukua jina lako, ila ulikuwa na begi la bluu na ulikuwa unaelekea hosteli. Alhamisi saa nane mchana nakuwa maabara. Njoo na daftari lenye kurasa zilizoshonwa, lisiwe la kuchanwa, na kalamu ya wino. Tutaanza kwa kuandika namba za kurasa, kisha nitakuonyesha jinsi ya kutoa viputo.