Maswali ya Wasomaji: Kongosho la mzee limepimwa ugumu, mara 2.1 mara 13, tushike lipi?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi naandika kutoka Igoma, Mwanza. Baba yangu ana miaka 61, tangu mwaka jana analalamika tumbo la juu linauma mpaka linatokea mgongoni, akila vya mafuta anaharisha na choo kinaelea, kapungua mwili, na sukari imepanda juzi juzi tu wakati kwetu hatuna historia hiyo. Zamani alikuwa mtu wa gongo na sigara, gongo ameacha. Tulimpeleka hospitali moja akapimwa ugumu wa kongosho kwa ultrasaundi, karatasi ikaandikwa mita 2.1 kwa sekunde. Wiki chache baadae tukaenda kwingine, mashine tofauti, wakaandika kilopaskali 13. Sasa ndugu wanasema ugonjwa umetoka 2 umefika 13 kwa hiyo ni kansa na inakimbia, kuna wanaotaka tuuze kiwanja cha Kisesa tumpeleke India. Nieleweshe dokta, hata kulala silali.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana na kumuuguza mzee. Nianze na hilo linalokunyima usingizi, ugonjwa haujatoka 2 kwenda 13. Hizo namba mbili ni kitu kile kile kimeandikwa kwa vipimo viwili tofauti. Chukua kalamu, 2.1 zidisha kwa 2.1 unapata 4.41, alafu zidisha mara 3, unapata 13.2. Ndo hesabu mashine inayofanya yenyewe ndani, moja inakuonyesha mwendo wa wimbi na nyingine inakuonyesha ugumu wenyewe. Waite hao ndugu uwafanyie hesabu hiyo mbele yao kabla kiwanja hakijapata dalali.

Sasa hilo wimbi ni nini. Ultrasaundi ya kawaida inatuma sauti na kusikiliza inavyorudi, na sauti mwilini inakimbia kama mita 1,540 kwa sekunde. Kwenye kupima ugumu, ambako wenyewe wanaita elastografia, mashine inapiga kwanza msukumo mmoja wa sauti wenye nguvu, nyama inatikisika kidogo sana, na ule mtikisiko unatembea pembeni polepole, mita moja au chache tu kwa sekunde, mashine inaufuatilia kwa picha za haraka mno na kusoma mwendo wake. Ni kama kamba ya nanga, ikiwa imekazwa ukiigonga mtetemo unafika upande wa pili fasta, ikilegea unachelewa. Nyama laini wimbi linajikokota, nyama ngumu linakimbia. Hakuna mionzi, hakuna sindano, na mzee hasikii maumivu yoyote.

Kongosho zima, kwenye tafiti nyingi, linasoma karibu mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde, ukifanya ile hesabu ni kama kilopaskali 4 hadi 6. Kwa hiyo la baba ni gumu kweli, hapo siwezi kukudanganya, na mashine mbili kukubaliana kunanifanya niiamini hiyo namba zaidi. Lakini gumu sio kansa, hapa ndo watu wengi wanapotea. Kongosho lililovimba muda mrefu, hasa kwa pombe kali na sigara, linajaa makovu na linakuwa gumu. Likivimba ghafla nalo linasoma juu. Kuna uvimbe unaoletwa na kinga ya mwili kujishambulia yenyewe, nao unalifanya gumu na kwenye picha unafanana na kansa mpaka unawachanganya mabingwa, kumbe dawa yake ni za jamii ya steroidi na mgonjwa anapata nafuu. Na ndiyo, kansa ya kongosho mara nyingi ni ngumu sana maana inajijengea makovu mengi kuizunguka. Namba peke yake haiwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo.

Ukinisimulia pombe ya zamani, maumivu yanayotokea mgongoni, choo cha mafuta na sukari mpya, mawazo yangu ya kwanza yanakwenda kwenye kongosho lenye makovu ya siku nyingi ambalo limeshindwa kutoa vimeng'enya vya kusaga mafuta na insulini ya kutosha. Ila mtu wa miaka 61 anayekonda na sukari imeibuka tu, kansa lazima itafutwe mpaka ionekane ipo au haipo, na inatafutwa kwa siti skani ya kongosho yenye dawa ya mshipani, sio kwa kurudia namba ya ugumu. Hospitali ya Bugando pale siti skani ipo, anzeni hapo hapo Mwanza, msiuze kitu kwanza. Mkaone daktari bingwa wa mfumo wa chakula, mbebe ripoti zote mbili na CD za picha kama mlipewa. Figo zipimwe kabla ya ile dawa ya mshipani. Siti skani ikionyesha kivimbe, hatua inayofuata ni endoskopi yenye ultrasaundi kwenye ncha, anameza mpira, unakaa tumboni karibu kabisa na kongosho, na hapo hapo wanaweza kuvuta kinyama kidogo kwa sindano kikachunguzwe maabara. Hata hiyo endoskopi inaweza kupima ugumu, madaktari wa Marseille kule Ufaransa walitoa ripoti ya kufanya hivyo kwenye kongosho mwaka 2006, lakini mpaka leo jibu la mwisho linatoka kwenye kinyama.

Kitu kingine, wasikutishe na rangi. Kuna mashine nyekundu ni gumu na kuna mashine bluu ndo gumu, nimeona watu wanalia kwa sababu ya bluu ambayo kwenye mashine nyingine ingekuwa habari njema. Soma ule mstari wa rangi pembeni ya picha.

Ikitokea anapimwa tena, asile masaa 6 angalau, na siku moja kabla apunguze maharage na soda, kwa sababu kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula na gesi inazuia sauti kabisa. Mpimaji anaweza kumpa maji anywe ili sauti ipite humo. Abane pumzi akiambiwa. Jirani ya kongosho kuna mshipa mkubwa wa damu unaodunda muda wote na kuharibu usomaji, ndo maana kipimo kinarudiwa mara kadhaa na kuchukuliwa namba ya katikati, kama ripoti ina usomaji mmoja tu iulizeni kwa heshima.

Wakati mnasubiri, sigara iishe leo, na mwombeni daktari habari ya vidonge vya vimeng'enya vya kumeza pamoja na chakula, vinaweza kumrudishia mwili. Macho yakiwa ya njano, mkojo kama chai ya rangi au mwili unawasha bila upele, nendeni siku hiyo hiyo.

SWALI: Mambo dokta, mimi mvuvi Ukerewe. Nilitibiwa kichocho, ultrasaundi ikasema ini lina makovu, lakini mashine ya ugumu ikasoma kilopaskali 6 wakasema ini safi. Nani mkweli?

JIBU: Poa kaka. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. Makovu ya kichocho cha tumbo yanafuata matawi ya mshipa unaoingiza damu kwenye ini, nyama yenyewe katikati inaweza kubaki laini, kwa hiyo ugumu wa ini unasoma chini wakati presha ya mshipa ule iko juu. Prazikwanteli inaua minyoo, makovu ya zamani yanapungua taratibu kama yanapungua. Wewe waombe waandike ukubwa wa wengu na upana wa ule mshipa, na kama wengu limekua umeze mpira wa endoskopi kuangalia mishipa ya koo la chakula. Ukitapika damu au choo kikiwa cheusi tii, usisubiri kuishe uvuvi wa usiku huo, panda chombo cha kwanza kinachokuja Mwanza, na kama hakuna kinachoondoka muda huo anzia hospitali ya pale Nansio wakuwekee dripu.