Kabla ya kuiamini peptidi, pima fosforasi

Mwaka wangu wa kwanza wa uzamivu nilitumia NMR, mbinu inayosoma ishara za viini vya atomi katika uga wa sumaku, kukusanya ishara ya naitrojeni-15 kwa siku tatu mfululizo kutoka kwenye peptidi (mnyororo mfupi wa asidi amino) niliyoichanganya na lipidi, mafuta yanayojenga utando wa seli. Ilipotokea ishara pana, iliyotandaa kutoka karibu ppm 60 hadi kupita 200 (ppm, sehemu kwa milioni, ni kipimo cha mahali ishara inapotokea), niliandika kwa furaha daftarini kwamba baadhi ya peptidi zimelala juu ya utando na nyingine zimeupenya. Msimamizi wangu aliisoma sentensi hiyo, akauliza swali moja: "Fosforasi inasemaje?" Sikuwa nimeipima.

Ugumu wa NMR ya hali mango ndio huohuo unaoipa thamani. Molekuli hazipinduki ovyo kama ndani ya kimiminiko, kwa hiyo mahali ishara inapotokea hutegemea mwelekeo wa kila bondi katika uga wa sumaku. Peptidi nyingi zinazotua kwenye utando hujisokota kuwa heliksi, umbo kama la springi, na bondi zake za naitrojeni na haidrojeni huelekea karibu sambamba na mhimili wa heliksi hiyo. Ukizitandaza tabaka za lipidi juu ya vioo vyembamba, kisha ukaviweka vioo hivyo mkingamo na uga, heliksi iliyoupenya utando itatoa ishara karibu na ppm 200, na iliyolala juu yake itatoa chini ya 100. Magainini 2, peptidi yenye asidi amino 23 kutoka ngozi ya chura wa Afrika Xenopus laevis, huwa katika kundi hilo la pili.

Hesabu hiyo yote huanguka iwapo lipidi zenyewe hazikupangika, maana heliksi zilizotazama kila upande hutoa ishara pana kama ile yangu. Hapo ndipo fosforasi inapokuja. Naitrojeni-15 ni takribani asilimia 0.4 tu ya naitrojeni ya asili, hivyo ni lazima uinunue na kuipachika kwenye asidi amino uliyoichagua. Fosforasi-31 imo tayari katika kila kichwa cha fosfolipidi, yaani lipidi zenye fosfati, na dakika chache zinatosha kuipima. Tabaka zilizopangika vizuri hutoa ishara moja nyembamba karibu na ppm 30. Ukiona bega linaloteremka hadi karibu na -15, sehemu ya sampuli imevurugika. Sampuli yangu haikuwa na bega. Ilikuwa mlima mzima.

Kosa lilikuwa haraka. Niliacha kloroformu na methanoli zikauke kwa saa chache, ilhali sasa huviacha vioo kwenye ombwe usiku kucha, kisha huvifungia siku kadhaa katika chombo chenye mmumunyo shibe wa potasiamu naitreti, ambao hushikilia unyevu wa hewa karibu na asilimia 93. Huipima fosforasi kabla ya naitrojeni, na tena baada yake, kwa sababu mawimbi ya redio ya siku nyingi huipasha joto sampuli na kuikausha bila wewe kujua.

Chagua lipidi kwa uangalifu uleule. Peptidi PGLa ikichanganywa na magainini 2 huupenya utando wa lipidi ziitwazo DMPC na DMPG, wenye minyororo mifupi iliyoshiba. Katika lipidi za POPE na POPG, ambazo zinaukaribia zaidi utando wa bakteria, hubaki imelala. Matokeo yote mawili ni sahihi, na ndiyo maana huwa siiamini makala inayosema peptidi fulani "hupenya utando" bila kuutaja utando wenyewe.

Mwelekeo, hata hivyo, si kina. Heliksi iliyolala inaweza kuwa kati ya vichwa vya fosfati au chini yake kidogo, na naitrojeni haitakuambia. Kwa swali hilo mimi hupachika kaboni-13 na kupima umbali wake hadi fosforasi kwa mbinu ya NMR iitwayo REDOR, huku sampuli ikizungushwa kwa pembe ya nyuzi 54.7 dhidi ya uga wa sumaku. Kwa kuwa mtikisiko wa lipidi huudhoofisha mwingiliano unaopimwa, sampuli hugandishwa kwanza. Basi, kabla ya kuanza, pima fosforasi katika joto la kawaida, uone kama lipidi bado zimo katika tabaka.