Jibu: Ngoma ya kinanda inaniacha kwenye tuni ya Daktari wa 11

Habari mkuu. Umesema ukipiga ile tuni ya Matt Smith, aliyeigiza Daktari wa 11 kwenye Doctor Who, tamthilia ya TV ya Uingereza, ngoma ya kinanda (ule mdundo unaojipiga wenyewe) inakuacha baada ya raundi moja tu. Kabla ya kulaumu vidole, zima hiyo ngoma. Bila shaka imewekwa mapigo manne, na “I Am the Doctor”, ambayo Murray Gold aliitunga Smith alipoingia 2010, huhesabiwa mapigo saba. Lazima muachane! Mimi nilihangaika wiki nzima hivyohivyo. Sasa nahesabu kwa mdomo: moja-mbili-tatu-nne, moja-mbili-tatu, narudi mwanzo bila kupumzika. Anza na ile sehemu ya fidla inayojirudia, polepole, mkono mmoja. Tarumbeta utaziongeza baadaye. Kwenye mpangilio wa vidole sikusaidii, napiga kwa sikio tu.